Cheti cha SSL: lini cha bure kinatosha, na lini ulipie

Cheti cha SSL ni faili linaloiwezesha tovuti kufunguka kwa HTTPS, yaani kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Anayefungua tovuti ya duka, shule au kikundi cha akiba hukutana na swali la kukilipia au kuchukua cha bure siku ileile anayolipia kikoa, yaani jina la tovuti. Kampuni ya hostingi inamwekea mbele cheti cha kulipia chenye maneno kama "dhahabu", "biashara" na "biti 256", na pembeni kuna mtu anamwambia kwamba cha bure kipo. Wengi hulipa kwa hofu tu. Wengine huchukua cha bure, wanakisahau, na miezi mitatu baadaye wateja wanakuta ukurasa wa onyo badala ya duka. Makosa yote mawili yanaepukika ukijua unachonunua ni nini hasa.

Tuanze na hiyo "biti 256". Nguvu ya usimbaji haitoki kwenye cheti. Inatoka kwenye toleo la TLS, itifaki iliyochukua nafasi ya SSL, na mipangilio ya seva yako. Kazi ya cheti ni kuthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye haki ya kutumia jina lile, ili kivinjari kikubali kuzungumza nayo kwa siri. Seva yenye TLS 1.3 inasimba mawasiliano sawasawa, iwe cheti chake kimetolewa bure au kimenunuliwa kwa mamia ya dola. Kinachotofautiana ni alichokagua mtoa cheti kabla ya kutia saini, na huduma unayopata baada ya hapo.

Unacholipia

Cheti cha msingi kinaitwa DV (Domain Validation). Hapo mtoa cheti anahakikisha jambo moja tu: kwamba anayeomba anakitawala kikoa. Vyeti vyote vya bure ni vya aina hii. Vyeti vingi vya kulipia vya bei ya chini navyo ni hivihivi, kwa hiyo ukinunua DV unalipia kitu kilekile ambacho Let's Encrypt inakitoa bila malipo. Let's Encrypt inaendeshwa na ISRG, taasisi ya Marekani isiyo ya faida, na ilianza kutoa vyeti kwa umma Desemba 2015. Google Trust Services na ZeroSSL nao hutoa vyeti vya bure kwa itifaki ileile ya ACME, inayoiwezesha programu kuomba na kuhuisha cheti yenyewe.

OV (Organization Validation) inaongeza ukaguzi wa taasisi. Mtoa cheti anatafuta jina la kampuni kwenye daftari rasmi la usajili, kwa Tanzania ni BRELA, kisha mara nyingi anapiga simu kwa namba aliyoipata kwenye chanzo huru, si ile uliyoijaza wewe kwenye fomu. EV (Extended Validation) inakwenda mbali zaidi kwa ukaguzi na kwa karatasi. Zamani EV iliandika jina la kampuni kwa kijani kwenye sehemu ya anwani, na hapo kweli mteja aliona tofauti. Chrome 77 iliondoa maandishi hayo Septemba 2019, na Firefox 70 ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Leo mteja wako hawezi kujua kama una DV au EV mpaka abofye mara kadhaa na kusoma maelezo ya cheti, jambo ambalo watu hawafanyi. Kama sababu yako ya kununua EV ni kwamba wateja watakuamini zaidi, sababu hiyo haipo tena.

Kuna na ile "dhamana ya dola elfu kadhaa" inayotangazwa kwenye vyeti vya kulipia. Isome vizuri. Inamhusu mgeni wa tovuti aliyepata hasara kwa sababu mtoa cheti alimpa cheti mtu asiyestahili. Haikulipi wewe ukidukuliwa, wala cheti kikiisha muda. Na injini ya utafutaji ya Google haibagui kati ya cheti cha bure na cha kulipia. Inachotaka ni HTTPS inayofanya kazi.

Muda wa cheti ndio unaobadilisha hesabu

Kwa miaka mingi hoja nzuri ya kulipia ilikuwa muda: cha bure kinadumu siku 90, cha kulipia mwaka mzima au zaidi. Hoja hiyo inayeyuka. Aprili 2025 jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari, CA/Browser Forum, lilipitisha kanuni ya kupunguza muda hatua kwa hatua. Ukomo wa siku 398 uliokuwapo tangu Septemba 2020 unashuka hadi siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kanuni hii inabana cheti chochote kinachoaminiwa na vivinjari, cha bure na cha kulipia.

Maana yake ni kwamba hata ukilipia mwaka mzima, cheti chenyewe kitaisha kabla ya mwaka, na itabidi kitolewe upya na kufungwa upya kwenye seva. Muuzaji anaposema "mpango wa miaka mitatu", anakuuzia haki ya kutolewa upya kwa miaka mitatu, si faili moja litakalodumu miaka hiyo. Hapa watu wengi watanaswa: risiti inasema mwaka, cheti kinasema siku 200, na hakuna aliyeweka kumbukumbu kwenye kalenda.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Ni hili: nani au nini kitahuisha cheti hiki bila kukumbushwa? Kama una njia ya kukihuisha chenyewe, cha bure kinatosha karibu kila mahali. Kama huna, kulipa kunakununulia miezi michache tu ya nafasi.

Wapi kulipia kuna maana

Mahali pa kwanza ni mkataba. Benki, zabuni au mshirika wa kibiashara anaweza kuandika wazi kwamba anataka OV au EV. Huwezi kubishana na sharti hilo kwa hoja za kiufundi; nunua. Lakini lisome kwanza sharti lenyewe. Kiwango cha PCI DSS kinachosimamia malipo ya kadi hakidai cheti cha kulipia, kinadai usimbaji imara na cheti halali. Vivyo hivyo kwa malipo ya simu: Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, inataka anwani ya kupokelea majibu ya malipo iwe ya HTTPS, na cheti cha Let's Encrypt kilichofungwa sawasawa kinatosha.

Mahali pa pili ni vifaa visivyojua ACME: fayawoli ya ofisini, mashine ya kugawa mizigo ya seva, mfumo wa zamani ambao cheti huingizwa kwa kupakia faili kupitia ukurasa wa usimamizi. Hapo cheti chenye muda mrefu zaidi kinakupunguzia safari. Kwa siku 200 ni mara mbili kwa mwaka, inavumilika. Kufikia 2029 ni karibu kila mwezi, kwa hiyo ukinunua kifaa kipya leo, hakikisha kinajua ACME.

Mahali pa tatu ni msaada wa mtu. Let's Encrypt haina namba ya simu. Hospitali au shirika lisilo na fundi wa zamu linaweza kuona ni sawa kumlipa mtu atakayepokea simu saa nane usiku. Uliza tu kama huyo unayemlipa kweli anapokea simu, maana wauzaji wengi ni wachuuzi wa kati.

Kuna pia vyeti vya kusaini programu, kusaini nyaraka na kusaini barua pepe. Hivyo ni vitu vingine kabisa. Let's Encrypt haivitoi, wala cheti cha tovuti hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Simu za zamani zinastahili neno. Android iliyo chini ya toleo la 7.1.1 haina cheti mzizi cha ISRG Root X1, yaani kile ambacho kifaa hukiamini moja kwa moja na ambacho juu yake vyeti vya Let's Encrypt vinasimama, kwa hiyo kivinjari chake cha asili kinakataa tovuti za Let's Encrypt. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti mizizi, hivyo tovuti zilezile zinaweza kufunguka ndani yake kwenye simu hiyohiyo. Kwa upande wa seva, Java 8 iliyo chini ya sasisho la 141 ina tatizo hilohilo, na hilo hujitokeza pale mfumo wa zamani wa mshirika unapotuma majibu kwako na kukatika bila maelezo. Kama wateja wako bado wana vifaa hivyo, usinunue kwa kubahatisha, maana hata watoa vyeti wa kulipia wanaachana na vyeti mizizi vya zamani. Uliza muuzaji cheti chake kinasimama juu ya mzizi upi, kisha jaribu kwenye kifaa chenyewe kabla muda wa kurudishiwa pesa haujapita.

Kufunga cha bure kwenye hostingi ya pamoja

Kama una cPanel, ukurasa wa kusimamia hostingi, ingia sehemu ya SSL/TLS Status, chagua majina yako, kisha bonyeza Run AutoSSL. Subiri dakika chache, pakia ukurasa upya. Kila jina linapaswa kuonyesha alama ya kijani, pamoja na lile lenye www. Baada ya hapo AutoSSL inahuisha yenyewe.

Usipoiona AutoSSL, huenda kampuni imeizima ili iuze vyeti. Waandikie uombe iwashwe. Wakikataa, na unayo ruhusa ya SSH (kuiamrisha seva kwa maandishi ukiwa mbali), tumia acme.sh, programu ndogo ya ACME:

```
acme.sh --set-default-ca --server letsencrypt
acme.sh --issue -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz -w ~/public_html
acme.sh --deploy -d jinalako.co.tz --deploy-hook cpanel_uapi
```

Mstari wa kwanza ni muhimu kwa sababu tangu 2021 acme.sh huelekea ZeroSSL isipoambiwa vingine. Mstari wa tatu ndio unaokiingiza cheti ndani ya cPanel, na acme.sh itaukumbuka kila inapohuisha. Kama SSH nayo hupewi, fikiria kuhama kampuni. Bei ya cheti cha kununua kila mwaka mara nyingi inafidia tofauti ya hostingi bora.

Wengine hupita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya mgeni na seva yako, kwenye mpango wa bure. Njia nzuri, lakini angalia hali ya SSL uliyochagua. Hali ya Flexible inasimba kutoka kwa mgeni hadi Cloudflare tu. Kutoka hapo hadi kwenye seva yako nenosiri la mteja linasafiri wazi. Zaidi ya hapo, seva yako ikilazimisha HTTPS, kivinjari kinazunguka bila mwisho na kuonyesha ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Chagua Full (strict), na kwenye seva weka cheti cha Let's Encrypt au kile cha Origin CA ambacho Cloudflare yenyewe inakupa. Hicho cha Origin CA kinaweza kudumu hadi miaka 15, ila kinaaminiwa na Cloudflare peke yake. Ukizima Cloudflare, wageni wote wanapata onyo.

Kwenye seva yako mwenyewe

Kwa Ubuntu yenye nginx, programu ya kuhudumia tovuti, tumia certbot, programu inayoomba na kuhuisha cheti. Kazi ni ya dakika kumi:

```
sudo snap install --classic certbot
sudo ln -s /snap/bin/certbot /usr/bin/certbot
sudo certbot --nginx -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz
sudo certbot renew --dry-run
```

Usiruke amri ya mwisho. Inafanya zoezi lote la kuhuisha kwenye seva za majaribio bila kugusa cheti chako, na ikipita unajua kwamba siku halisi itapita pia. Kisha hakikisha saa ya kuamsha ipo:

```
systemctl list-timers | grep certbot
```

Inaamka mara mbili kwa siku, na cheti kikibakiza theluthi moja ya muda wake, kwa cheti cha siku 90 ni siku 30 hivi, inakihuisha. Ukiona onyo la nginx kwamba `ssl_stapling` imepuuzwa, usihangaike. Let's Encrypt iliacha huduma ya OCSP (ya kuulizia kama cheti kimebatilishwa) mwaka 2025, futa tu mstari huo kwenye mipangilio.

Sasa kosa linalosumbua hata mafundi wazoefu. Ukitumia `certbot certonly` badala ya `--nginx`, cheti kipya kinaandikwa kwenye diski lakini nginx inaendelea kubeba cha zamani kwenye kumbukumbu yake. Ukiangalia faili unaona tarehe mpya, ukiangalia kivinjari unaona tarehe ya zamani, na siku ikifika tovuti inaanguka huku `certbot certificates` ikisema kila kitu ni shwari. Dawa ni kuiambia ipakie upya kila inapohuisha:

```
sudo certbot reconfigure --cert-name jinalako.co.tz --deploy-hook "systemctl reload nginx"
```

Seva ya barua pepe inayotumia cheti hichohicho, kama Postfix na Dovecot, nayo inahitaji kupakia upya. Iongeze kwenye amri hiyo. Usipofanya hivyo, tovuti itakuwa sawa na barua pepe zitaanza kukataa.

Kosa la pili la namna hii ni kuelekeza nginx kwenye `cert.pem`. Elekeza `fullchain.pem`. Faili la kwanza lina cheti chako peke yake. La pili lina cheti chako na cheti cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Chrome ya kompyuta hujitafutia cheti cha kati kilichokosekana, kwa hiyo wewe unayeangalia kutoka mezani huoni tatizo lolote. Programu ya simu, amri ya curl na seva ya malipo hazijitafutii. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba "mbona kwangu inafunguka" huku malipo yake yote yanarudi na kosa. Hakikisha hivi:

```
openssl s_client -connect jinalako.co.tz:443 -servername jinalako.co.tz </dev/null
```

Soma sehemu iliyoandikwa `Certificate chain`. Ukiona mstari wa `0` tu bila `1`, mnyororo umekatika. Mwishoni unataka kuona `Verify return code: 0 (ok)`. Ukiona 21, rudi kwenye fullchain.

Uthibitisho unapokataa

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kikoa inaitwa HTTP-01. Let's Encrypt inakuja kwenye mlango namba 80 wa seva yako na kusoma faili dogo ndani ya `/.well-known/acme-challenge/`. Wengi hufunga mlango 80 wakidhani ndiyo usalama, halafu cheti hakihuiki. Uache wazi, uelekeze HTTPS. Let's Encrypt hufuata uelekezo huo bila shida, hata kama cheti cha zamani kimeshaisha.

Kwenye WordPress tatizo la mara kwa mara ni programu-jalizi ya usalama au `.htaccess` inayozuia folda zote zinazoanza na nukta. Jaribu kwa mkono:

```
mkdir -p public_html/.well-known/acme-challenge
echo sawa > public_html/.well-known/acme-challenge/jaribio
curl -iL http://jinalako.co.tz/.well-known/acme-challenge/jaribio
```

Neno "sawa" lisipotokea, na badala yake ukaona 403 au 404, weka mstari huu juu kabisa kwenye `.htaccess`, mara baada ya `RewriteEngine On`:

```
RewriteRule ^\.well-known/acme-challenge/ - [L]
```

Ukishahama seva, angalia rekodi ya AAAA kwenye DNS, ile inayoshika anwani ya IPv6 ya seva. Let's Encrypt hupendelea IPv6 ikiiona, na watu wengi hubadilisha rekodi ya A, ile ya IPv4, na kuisahau AAAA inayoelekea seva ya zamani. Mteja wa kawaida aliye kwenye IPv4 haoni kasoro, uthibitisho unakwama. `dig AAAA jinalako.co.tz +short` inakuonyesha.

Halafu kuna fayawoli inayoruhusu nchi fulani tu. Baadhi ya ofisi za hapa kwetu hufungia tovuti ili ionekane Afrika Mashariki pekee, wazo lenye mantiki kwa mfumo wa ndani. Lakini uthibitisho hufanywa kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa pamoja, ili mdukuzi aliyeteka njia moja ya mtandao asiweze kujipatia cheti chako. Let's Encrypt inafanya hivyo tangu 2020, na tangu 2025 kanuni inawabana watoa vyeti wote, hivyo kununua hakukuokoi. Kosa lake lina maneno `secondary validation`. Ruhusu njia ile moja ya `/.well-known/acme-challenge/` kwa dunia nzima, au hamia uthibitisho wa DNS.

Uthibitisho wa DNS, yaani DNS-01, ndio unaotakiwa pia kwa cheti cha nyota, kile cha `*.jinalako.co.tz` kinachofunika vikoa tanzu vyote vya ngazi ya kwanza. Unaweka rekodi ya TXT kwenye `_acme-challenge.jinalako.co.tz`. Ukiiweka kwa mkono itapita, lakini haitajihuisha kamwe, na siku 90 baadaye utakuwa palepale. Baadhi ya wasajili wa .co.tz na .co.ke hawana njia ya programu kuandika rekodi za DNS. Suluhisho ni kuhamishia DNS kwa mtoaji mwenye njia hiyo huku kikoa kikibaki kwa msajili wako, au kuweka CNAME moja (rekodi ya kuelekeza jina kwenye jina jingine) ya `_acme-challenge` ielekee kwenye kikoa kingine chenye DNS inayoendeshwa na programu. CNAME hiyo unaiweka mara moja tu.

Usijaribujaribu ovyo kwenye seva halisi za Let's Encrypt. Ukishindwa uthibitisho mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, unasubiri. Seti ileile ya majina inapata vyeti 5 tu kwa siku 7. Wanaoendesha Docker bila kuhifadhi folda ya `/etc/letsencrypt` huimaliza idadi hiyo kwa asubuhi moja, kwa sababu kila kontena likianza upya linaomba cheti kipya. Tumia `--staging`, yaani seva zao za majaribio, mpaka kila kitu kipite.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kila cheti kinachotolewa kinaandikwa kwenye madaftari ya wazi, na yeyote anaweza kutafuta kikoa chako kwenye crt.sh akaona majina yote. Ukiomba cheti cha `mishahara.jinalako.co.tz`, umetangaza kwamba mfumo huo upo. Cheti cha nyota huficha majina hayo, lakini kinga ya kweli ya mfumo wa mishahara ni kuutoa kwenye mtandao wa wazi.

Ukiamua kununua

Tengeneza ufunguo wa siri kwenye seva yako mwenyewe. Tovuti ya muuzaji ikijitolea kukutengenezea ufunguo na kukutumia kwa barua pepe, kataa. Ufunguo uliopita mikononi mwa mwingine si siri tena.

```
openssl req -new -newkey rsa:2048 -nodes -keyout jinalako.key -out jinalako.csr
```

Amri hii inatengeneza ufunguo na CSR, yaani faili la ombi la cheti, na itakuuliza maelezo yako. Kwa OV, jina la taasisi liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye usajili. "Limited" na "Ltd" vinaweza kukuchelewesha siku kadhaa. Nchi ni TZ au KE. Kabla ya kuagiza, hakikisha namba ya simu ya kampuni inapatikana mahali ambapo mtoa cheti anapaamini. Ombi nyingi za OV hukwama kwenye simu hiyo, si kwenye nyaraka.

Ukichagua kuthibitisha kwa barua pepe, anwani zinazokubalika ni admin, administrator, webmaster, hostmaster na postmaster kwenye kikoa chako. Gmail ya kampuni haikubaliwi. Kama huna barua pepe kwenye kikoa, chagua DNS.

Vyeti vikifika, huwa ni mafaili mawili, lako na la vyeti vya kati. Yaunganishe, lako likitangulia:

```
cat jinalako.crt jinalako.ca-bundle > fullchain.pem
```

Lifungue faili jipya ulitazame. Kama faili la kwanza halikuisha kwa mstari mpya, utaona `-----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----` vimegandamana, na nginx itakataa kuwaka ikilalamika `bad end line`. Bonyeza Enter katikati, kila upande ubaki na vistari vyake vitano. Kisha linganisha ufunguo na cheti:

```
openssl x509 -noout -pubkey -in jinalako.crt | openssl sha256
openssl pkey -pubout -in jinalako.key | openssl sha256
```

Matokeo mawili yakifanana, fanya `nginx -t`, halafu pakia upya. Yasipofanana, cheti kilitolewa kwa CSR nyingine. Omba kitolewe upya, kwa kawaida bila malipo.

Kengele

Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025, kwa hiyo usizisubiri. Kwa cheti chochote, weka kengele yako nje ya seva yenyewe, kwenye mashine nyingine, kila siku asubuhi:

```
echo | openssl s_client -connect jinalako.co.tz:443 -servername jinalako.co.tz 2>/dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600 >/dev/null || echo "Cheti kinaisha ndani ya siku 14 au seva haijibu" | mail -s "CHETI" wewe@barua-yako
```

Sekunde 1,209,600 ni siku 14. Amri hii inasoma cheti ambacho wageni wanakiona, si faili lililo kwenye diski, kwa hiyo inalikamata hata lile kosa la nginx kutopakia upya.

HSTS, ile amri inayokiambia kivinjari kisikubali tena HTTP, iwashe baada ya kuona cheti kimejihuisha chenyewe angalau mara moja. Ikishawashwa, cheti kikiisha mgeni hana hata kitufe cha kuendelea kwa hiari yake. Anza na `max-age=300`, dakika tano, kisha panda taratibu hadi miezi sita.

Kuhama kutoka cha kulipia kwenda cha bure

Usisubiri siku ya mwisho. Wiki tatu kabla, angalia rekodi ya CAA, inayotaja watoa vyeti wanaoruhusiwa kwa kikoa chako, kwa amri `dig CAA jinalako.co.tz +short`. Kama inataja mtoa cheti wa zamani peke yake, Let's Encrypt itakataa, ongeza `0 issue "letsencrypt.org"` na uache ile ya zamani kwa sasa. Pata cheti cha bure, kifunge, kikague kwa `s_client`, kisha uzime kujilipisha kwa akaunti ya muuzaji. Cha zamani kiache kiishe chenyewe. Kukibatilisha ni kwa pale tu ufunguo wake ulipovuja, kwa mfano uliwekwa kwenye nakala rudufu iliyokuwa wazi au kwa fundi aliyeondoka. Ikitokea hivyo kwa cha bure, toa kwanza cheti kipya chenye ufunguo mpya, kifunge, halafu batilisha kile cha zamani kwa faili lake, ambalo certbot hulihifadhi kwa namba kwenye folda ya archive:

```
sudo certbot certonly --nginx --force-renewal --new-key --cert-name jinalako.co.tz -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz
sudo systemctl reload nginx
sudo certbot revoke --cert-path /etc/letsencrypt/archive/jinalako.co.tz/cert1.pem --reason keycompromise --no-delete-after-revoke
```

Badilisha `cert1.pem` kwa namba ya cheti kilichovuja, si ya kile ulichokitoa sasa hivi.